Chuo cha ufundi au uanagenzi wa gereji?

Matokeo ya KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari, yakitoka tu, barazani Mombasa mjadala ni ule ule: kijana aingie chuo, au apelekwe kwa fundi Changamwe?

Kwa gharama, gereji yaonekana nafuu, maana chuo kina karo na nauli, japo mkopo wa HELB, bodi ya serikali ya mikopo ya wanafunzi, husaidia. Lakini kwa fundi mwanagenzi aweza kuosha vyuma na kutumwa chai miezi kadhaa, na atakachofunzwa ni hisani ya mwenye gereji. Hilo mimi naliita karo pia.

Mkono mwepesi hupatikana gereji, hakuna ubishi. Mifumo ya umeme na kompyuta ya magari ya leo, chuo kiko mbele.

Uimara wa kazi ndio mgumu zaidi. Reli ya SGR ilipoanza 2017 na makontena yakaanza kupanda treni, waliotegemea malori waliumia. Aliyejua lori tu alibaki na lori tu.

Cheti nacho si cha chuo pekee: NITA, mamlaka ya kitaifa ya mafunzo ya viwandani, huwatahini mafundi waliojifunzia kazini, kuanzia Gredi ya 3 hadi ya 1. Tena waajiri hulipa ushuru wa mafunzo, shilingi 50 kwa mwezi kwa kila mfanyakazi, na waweza kurejeshewa gharama za mafunzo yaliyoidhinishwa. Ulizia kazini kwako.

Anayehitajika kuleta unga nyumbani sasa, aanzie gereji na aweke akiba ya mtihani. Anayelenga mitambo ya bandarini, chuo, na likizo zake azimalize kwa fundi.