TAHADHARI: Wanaouza "early access" na "beta code" za gemu za simu, Unguja na Pemba

Assalamu alaikum. Tangazo hili ni la vijana wanaocheza gemu kwenye simu, na zaidi ni la wazee wao, maana pesa zinazoliwa ni za wazee. Kwenye magrupu ya WhatsApp, khasa skuli zikifunga, huzunguka picha nzuri ya gemu na maneno haya chini yake: "Early access, nafasi 50 tu, zimebaki 7, tuma elfu kumi nikupe link." Mwengine anauza "beta code". Mwengine anajitia fundi, anakwambia uje na simu akuwekee. Usimlipe yeyote kati yao.

Tapeli anakula kwenye kutoyajua maneno hayo, basi tuanze nayo.

Ukiona "Pre-register" kwenye Play Store, gemu haijatoka rasmi nchini kwako. Unabonyeza bure, na siku ikitoka simu inakujulisha. Kwa gemu ambayo bado iko hapo tu, anayekwambia "mimi faili ninalo" usimwamini.

"Early Access" maana yake gemu ipo na unaweza kuicheza, lakini haijakamilika. Itajifunga ghafla, itakula betri, na hatua ulizofika zinaweza kufutwa zote siku toleo kamili likija. Maoni unayoandika kuhusu gemu isiyotolewa rasmi yanakwenda kwa mtengenezaji peke yake, hayaonekani hadharani. Kwa hivyo anayekuonyesha picha ya "early access" yenye nyota 4.9 na maelfu ya sifa ameibuni mwenyewe.

"Beta" mara nyingi ni gemu iliyokwishatoka, ambayo watu wanajaribu toleo lijalo. Unajiunga chini ya ukurasa wa gemu hiyo hiyo kwenye Play Store. Nafasi zikijaa utaandikiwa kuwa zimejaa, na hakuna mtu Darajani wala Chake Chake anayeweza kukuongeza. Majaribio ya faragha nayo huendeshwa kwa orodha ya barua pepe aliyoiandika mwenye gemu. Muuzaji hana ufunguo wa orodha hiyo.

Kwenye iPhone majaribio hupitia programu ya Apple iitwayo TestFlight. Mtengenezaji anaweza kualika watu wa nje mpaka 10,000, na kila toleo la majaribio linakufa baada ya siku 90. Manunuzi ndani ya gemu iliyoko TestFlight hayakatwi pesa, kwa hivyo anayekuuzia "almasi za TestFlight" anakuuzia hewa. Kwa Android ni kinyume chake, na hapa wengi wanateleza: mjaribu wa kawaida akinunua kitu ndani ya gemu, pesa zinakatwa kweli.

Iko na hali ya gemu kutolewa nchi chache kwanza. Rush Wars ya kampuni ya Supercell ilianza hivyo Agosti 2019, na Novemba mwaka huo huo ikafungwa, haikufika duniani kote. Ndiyo maana kulipia gemu ya majaribio ni hasara hata pale muuzaji anapokuwa mkweli.

Watu wanaamini kwa sababu kwenye kompyuta jambo hili ni la kweli. Steam, duka la gemu za kompyuta, wanauza gemu za "Early Access" tangu 2013, na huko unalipa dukani kwa bei iliyoandikwa. Tapeli anaichukua sifa hiyo ya kompyuta anaileta kwenye simu. Mfano unaotumika sana ni GTA VI. Rockstar, watengenezaji wake, wameitangaza kwa mashine za gemu za PlayStation 5 na Xbox Series X|S. Toleo la simu hawajalitangaza, basi kila "GTA 6 Mobile" unayotumiwa ni kitu chengine kilichovishwa picha yake. Free Fire nao wana Advance Server, yaani pahala pa kujaribu toleo lijalo, na msimbo wa kuingilia unatolewa na wenye gemu wenyewe, bure, kwa unayejisajili kwao.

Sasa linki. Isome kwa utulivu kabla ya kuigusa. Ya halali ya Android inaanza na play.google.com, na baada ya .com inafuata alama ya mkwaju (/). Ya iPhone ni testflight.apple.com, kisha mkwaju. Ukiona baada ya google.com imefuata nukta na maneno mengine, yaani play.google.com.kitu-fulani, hiyo si ya Google. Jina la mwenye tovuti ni lile lililo mwisho kabisa kabla ya mkwaju wa kwanza (ile miwili ya https:// usiihesabu). Nukta moja hiyo ndiyo mtego wote.

Ukitumiwa faili la APK (faili la kuwekea programu kwenye Android) kwa WhatsApp au Telegram, jambo la kwanza litakaloombwa ni ruhusa ya kuweka programu kutoka nje ya duka. Kisha "gemu" inaomba kusoma SMS, kusoma arifa, na ruhusa ya Accessibility. Hakuna gemu ya mpira wala ya bunduki inayohitaji Accessibility. Ruhusa hiyo inamwezesha mwengine kuona unachoandika na kubonyeza kwa niaba yako, pamoja na namba yako ya siri ya pesa. Kuanzia Android 13 simu yenyewe inaizuia programu ya namna hiyo, na ndipo muuzaji anapokutumia video ya kukuelekeza uingie kwenye maelezo ya programu, ubonyeze nukta tatu juu, uondoe kizuizi. Ukifika kwenye maelekezo hayo, simama hapo hapo.

Ziko njia mbili nyengine, na hizi zinaumiza zaidi. Ya kwanza, anakwambia "nimekutumia beta code ya tarakimu sita, nisomee." Huo ni msimbo wa kusajili WhatsApp yako kwenye simu yake. Ukimsomea tu, ndugu zako wote wataanza kuombwa pesa kwa jina lako. Washa uthibitishaji wa hatua mbili kwenye WhatsApp leo hii. Ya pili, anakupa akaunti "iliyokwishaandikishwa" uingie nayo. Ukiingiza Apple ID ya mtu kwenye iCloud ya iPhone yako, anaweza kuifunga simu kwa mbali kisha akakudai pesa aifungue. Akaunti ya Google ya mtu mwengine nayo inamwezesha kufuta kila kilichomo.

Tapeli huyu asiwachafulie jina vijana wetu wanaotengeneza programu kweli. Google inawataka wenye akaunti mpya za binafsi, zilizofunguliwa baada ya 13 Novemba 2023, wapate wajaribu wasiopungua 12 waliojiunga kwa siku 14 mfululizo kabla ya kutoa programu kwa umma. Kijana akikuomba barua pepe yako kwa ajili hiyo, msaidie. Yeye ndiye anayekuhitaji, na hatakuomba hata shilingi.

Kama umeshaweka faili, zima data na Wi-Fi mara moja. Kwa kutumia simu nyengine, badilisha neno la siri la Google na uondoe vifaa usivyovijua. Mpigie huduma kwa wateja wa mtandao wako wa pesa, waombe waifunge akaunti kwa muda. Rudi kwenye simu, uizimie programu hiyo Accessibility na usimamizi wa kifaa (device admin), ndipo uifute. Ukianza na kufuta mara nyingi itagoma. Ikiendelea kugoma, washa simu kwa hali salama (safe mode), au hifadhi picha zako uirudishe simu kama ilivyotoka kiwandani. Namba ya siri ya pesa ibadilishe baada ya hapo, si kabla, la sivyo unamwonyesha na mpya.

Kama umetuma pesa, piga simu dakika hiyo hiyo ukiwa na namba ya muamala, uombe zizuiwe kabla hazijatolewa kwa wakala. Piga picha za mazungumzo yote kabla hajayafuta. Namba yake iripoti TCRA, mamlaka ya mawasiliano, kwa SMS kwenda 15040, kisha nenda kituo cha polisi na picha hizo. Piga pia *106# uangalie kama kuna laini usiyoijua iliyosajiliwa kwa kitambulisho chako.