Kiti cha mtoto garini: atazame nyuma au mbele?

Mtoto akishatimiza mwaka, mashangazi huanza: "Mgeuzeni jamani, miguu imemkunjika!" Miguu ndiyo isiyonitia wasiwasi. Wangu hukunja nne, viatu vimeegemea mgongo wa kiti cha gari, akalala fofofo.

Kwa usalama, kutazama nyuma kunashinda waziwazi. Kichwa cha mtoto ni kizito kwa mwili wake na shingo bado ni laini. Gari likigonga kwa mbele, ganda la kiti hupokea kichwa, shingo na mgongo kwa pamoja. Akitazama mbele, mikanda hushika mabega, kichwa kikarushwa peke yake. Ndiyo maana kanuni ya viti vya watoto ya R129 inayotumika Ulaya hairuhusu kumgeuza kabla ya miezi 15, na Sweden wengi hungoja hadi karibu miaka 4.

Kwa nafasi na wepesi, kutazama mbele kunashinda. Kwenye gari dogo kama Vitz, kiti kilichogeuzwa nyuma humbana abiria wa mbele hadi magoti yaguse dashibodi. Kumpandisha mtoto pia ni rahisi zaidi.

Bei hailiamui hili, kwani vipo viti vinavyokaa pande zote mbili. Mtumba sinunui, huwezi kujua kama kimepitia ajali.

Ikiwa mtoto hajafikia kikomo cha kilo na urefu kilichoandikwa kwenye lebo, na gari lina nafasi, mwache atazame nyuma. Akikipita, mgeuze, na ufunge mkanda wa juu wa kiti cha mtoto, ule unaonasa nyuma ya kiti cha gari. Anayetazama nyuma asiwekwe kamwe mbele ya mfuko wa hewa (airbag) unaofanya kazi.