Uzoefu wangu: seti ya Arduino ya wanaoanza, hapa Lamu

Seti niliyonunua ina bodi ya aina ya Arduino Uno (kompyuta ndogo unayoiandikia programu ili iendeshe vifaa), bredibodi (ubao wa matundu wa kuunganishia nyaya bila kulehemu), nyaya, rezista (za kupunguza umeme), taa ndogo za LED, buza, rilei (swichi inayowashwa na bodi) na sensa kadhaa. Nililipa shilingi 4,500. Ilitoka Mombasa kwa basi mpaka Mokowe, ikavuka kwa boti. Naitumia pamoja na mtoto wa ndugu yangu, na kwa pesa hiyo sijaona kitu kinachomfanya mtoto afikiri kama hiki.

Arduino ilianzia Ivrea, Italia, mwaka 2005, kwa ajili ya wanafunzi ambao si wahandisi. Michoro ya bodi iko wazi kwa kila mtu, kwa hiyo viwanda vingine navyo hutengeneza za namna hiyo kwa bei nafuu. Yangu ni ya kiwanda kingine. Chipu yake ni ATmega328P, yenye nafasi ya kilobaiti 32 tu kwa programu, na bado hatujaijaza. Ila upande wa USB imewekewa chipu ya CH340, ya kuwasiliana na kompyuta, na laptopu yetu haikuitambua bodi mpaka tulipoweka draiva, yaani programu ya kuitambulisha chipu hiyo. Karatasi ya maelezo haikugusia hilo hata kidogo. Anayeanza peke yake atadhani bodi imekufa, na hiyo naihesabu kasoro kubwa.

Somo la kuwasha na kuzima taa iliyo kwenye bodi yenyewe, ya pini 13 (pini ni tundu la bodi la kuchomeka waya), ni la mistari michache ya programu, halina shida. LED za nje kila moja ipewe rezista yake, ya om 220, maana pini haifai kubebeshwa zaidi ya miliampea 20.

Utamu wenyewe uko kwenye HC-SR04, sensa ya kupima umbali. Nyumbani tulikuwa tukipanda darini kugonga tangi ili tujue maji yamebaki kiasi gani. Sensa hii hutoa sauti isiyosikika na sikio, ikangoja mwangwi, nayo bodi ikahesabu muda na kupata umbali mpaka kwenye maji. Mtoto akauliza:

"Ami, sauti si imekwenda na kurudi? Mbona tunahesabu njia mbili?"

Hapo nilifurahi kwelikweli, kwa sababu kugawa kwa mbili alikufikia mwenyewe. Kisha tukaona karatasi ya maelezo inatumia mwendo wa sauti wa mita 343 kwa sekunde. Huo ni wa hewa ya nyuzi 20, na Lamu hatuna baridi hiyo. Kwenye nyuzi 30 sauti huenda karibu mita 349, tofauti inayofika karibu sentimita 2 katika kila mita. Tukabadilisha namba kwenye programu, tukapima kwa tepu, vikaja sawa. Sasa maji yakishuka sana buza inalia.

Adui wa vifaa hivi hapa kwetu ni hewa ya chumvi. Ncha za nyaya zinaota kutu na muunganisho unalegea, hasa wakati wa kusi. Sisi tunaweka kila kitu kwenye kopo la plastiki lenye kifuniko, pamoja na vile vipakiti vya kunyonya unyevu vinavyokuja na viatu. Sensa ya unyevu wa udongo ndiyo dhaifu kuliko zote: umeme ukipita humo mchana kutwa, meno yake yanalika. Ipe umeme kutoka kwenye pini ya bodi, na kwa ule muda wa kupima tu.

HC-SR04 nayo ina macho wazi, mvuke wa tangi utaiua. Kwa kazi ya kudumu nunua sensa ya JSN-SR04T isiyoingia maji, ila uifunge juu zaidi, kwa sababu haisomi kitu kilicho karibu kuliko takribani sentimita 20.

Umeme wa chaja ya simu unatosha kuendesha bodi, na mtoto abaki na volti 5 hizo. Rilei imeandikwa volti 250 mgongoni, lakini kuiunganisha na pampu ya stima mwachie fundi wa umeme.