Tiketi za mkono wa pili, Mwembe Tayari: huduma safi, bei ya kunyonya

Nawapa wauzaji hawa wa tiketi za tamasha nyota mbili, zote za kijana wa kaunta. Nililipa kwa M-Pesa, tiketi ikaingia kwenye simu papo hapo, na langoni kwenye bustani ya Mama Ngina, Mombasa, ikasoma bila maneno. Feki haikuwa.

Shida ni bei. Tiketi imeandikwa wazi shilingi 1,500, wao wanataka 4,000. Nikamuuliza, "Mwanangu, hizi elfu mbili na ushei ni za nini?" Akajibu bila aibu, "Mama, sisi tuliamka mapema." Kuamka mapema gani? Walizoa rundo zima siku ya kwanza. Msanii hapati hata ndururu ya ile nyongeza, wala waliofunga mitambo. Anayebaki nje ni kijana wa Likoni anayedunduliza hadi mwisho wa mwezi.

Mtu aliyepatwa na udhuru akiuza yake, hata akiongeza mia mbili za usumbufu, sina neno naye. Hawa lakini wanauza uhaba waliouunda wenyewe. Kule Ireland, sheria ya 2021 inakataza kuuza tena tiketi za matamasha makubwa kwa zaidi ya bei iliyoandikwa. Faini yake si mchezo.

Ukikwama, nenda, hutatapeliwa. Ila kama una moyo, subiri jioni ya siku yenyewe. Nilipokuwa naingia, kijana yuleyule alikuwa pale langoni akizimwaga zilizobaki kwa elfu moja.