Saa ndani ya daftari: programu za kuhesabu muda wa kazi unapoandika madokezo, kuanzia iliyo bora

Mteja anayelipa kwa saa ana haki ya kuuliza saa zake zimekwendaje. Mimi ni mfasiri, na kila kazi yangu huanzia kwenye faili la maandishi: maneno magumu, maswali ya kumuuliza mteja, tuliyokubaliana kwenye simu. Kwa muda mrefu nilikuwa na faili hilo upande mmoja na programu ya saa upande mwingine, na kila nilipoandaa ankara viwili hivyo havikupatana. Kubonyeza kitufe cha kuanza nilikuwa nasahau. Kuandika sikusahau hata siku moja.

Ndiyo maana nimezipima programu hizi kwa maswali matatu. Je, kuandika kwenyewe kunaweza kuanzisha saa? Umeme ukikatika, muda uliokwisha kuhesabiwa unabaki? Na baada ya miaka mingi nitaweza kuusoma bila kumlipa mtu? Bei haitakusumbua sana, kwa kuwa nyingi ni za bure. Gharama yake ni muda wa kujifunza.

1. Emacs pamoja na Org-mode

Org ni nyongeza ya Emacs, programu ya kuhariri maandishi. Ilianzishwa mwaka 2003 na Carsten Dominik, mwanaastronomia wa Amsterdam, na mpaka leo ni bure. Unaweka kasa (alama ya mahali unapoandika) chini ya kichwa cha kazi na kubonyeza C-c C-x C-i (C ni kitufe cha Ctrl). Mstari wenye tarehe na saa unaandikwa papo hapo, ndani ya faili lilelile la madokezo. C-c C-x C-o inaufunga na kuhesabu muda uliopita.

Kilichonifanya niiweke juu ya zote ni org-capture, njia yake ya kufungua dokezo jipya haraka. Chukua mfano huu: unatafsiri mkataba, simu inaita, mteja mwingine ana swali. Unafungua dokezo jipya. Kama kiolezo cha dokezo umekiwekea `:clock-in t` na `:clock-resume t`, saa ya mkataba inasimama yenyewe, ya simu inaanza, na ukimaliza kuandika saa inarudi kwenye mkataba. Hukugusa kitufe chochote cha saa. Umeandika tu, kama ulivyokuwa ukifanya siku zote, na zile dakika 7 za simu zimeingia kwa mteja aliyepiga. Kwa mtu anayehudumia wateja watatu kwa siku moja, hii ni pesa ambayo zamani ilikuwa ikipotea.

Ukiweka `org-clock-idle-time` kuwa 10, ukikaa dakika 10 bila kugusa kompyuta, ukirudi unaulizwa: muda huu uhesabiwe au utolewe? Umeme ukikatika katikati ya kazi, siku inayofuata ukianzisha saa Org inaikuta ile iliyoachwa wazi na kukuuliza uifunge lini. Ila jizoeze kuhifadhi faili mara tu unapoanza saa. Mwisho wa mwezi, jedwali la clocktable lenye `:block lastmonth` linakupa jumla ya kila kazi.

Ugumu upo, sitakuficha. Vitufe vyake havifanani na vya programu nyingine yoyote uliyozoea, na siku za kwanza utachoka. Jipe wiki mbili, na usianze mwezi ambao una kazi nyingi.

2. Logseq

Hii ndiyo ninayompendekezea asiyetaka kujifunza Emacs. Ni bure, na msimbo wake uko wazi. Andika kazi, bonyeza Ctrl+Enter mpaka iwe DOING (au NOW, kutegemea mpangilio wako): saa imeanza. Bonyeza tena iwe DONE: saa imefungwa, na muda umeandikwa chini ya kazi yenyewe. Chukua toleo linaloandika kwenye mafaili ya kawaida ya Markdown (maandishi matupu yenye alama chache), ili daftari lako lisomeke hata bila Logseq.

Udhaifu wake: haijui kama umeondoka mezani. Ukiiacha kwenye DOING ukaenda kulala, asubuhi utakuta saa nane za kazi ambazo hukuzifanya.

3. Obsidian

Nzuri kuiangalia na rahisi kuizoea, na tangu 2025 hata matumizi ya kazini hayadai leseni ya kulipia. Muda unahesabiwa kwa nyongeza iitwayo Super Simple Time Tracker, ambayo inaweka kibao kidogo chenye kitufe ndani ya dokezo na inaweza kukupa CSV, yaani jedwali linalofunguka kwenye programu za hesabu. Lakini kitufe bado unakibonyeza mwenyewe, na kwa mtu kama mimi ugonjwa ni uleule. Huduma ya Sync, ya kulinganisha madokezo kati ya vifaa vyako, ndiyo ya kulipia. Kama una kompyuta moja tu, usiinunue.

4. ActivityWatch, 5. WakaTime

Hizi hukaa pembeni zikitazama unachofanya. ActivityWatch huandika dirisha lililo wazi na kukuhesabu umeondoka baada ya dakika 3 bila kugusa chochote. Data haitoki kwenye kompyuta yako. Lipe kila faili jina la mteja, nayo itakugawia muda vizuri. WakaTime huingia ndani ya kihariri chenyewe, iwe Vim au VS Code, lakini hutuma taarifa kwenye seva yake. Ukifanya kazi za siri, weka `hide_file_names` kuwa `true` kabla ya jambo lolote, ili majina ya mafaili yafichwe. Mpango wa bure unakuonyesha historia fupi tu.

Zote mbili nazitumia kama shahidi, sizitegemei kwa ankara. Simu ya dakika 40 na mteja kwao ni muda wa kukaa bure.

6. Notepad

Kama kompyuta ni ya ofisi na huruhusiwi kuweka programu, fungua faili jipya, andika `.LOG` kwenye mstari wa kwanza kwa herufi kubwa, hifadhi. Kila ukilifungua, tarehe na saa zinaingia zenyewe mwishoni. F5 huzipachika popote unapotaka. Hesabu ya kutoa utaifanya kwa mkono. Kwa mteja mmoja inatosha kabisa.

7. Toggl Track

Kwa kikundi cha watu mpaka 5 ni bure na inafaa. Ila saa yake iko mtandaoni: umeme ukizimika nyumbani, huko inaendelea kuhesabu. Kwa mtu mmoja mwenye daftari lake, naiweka mwisho.

Neno moja kwetu tunaohesabu saa za Kiswahili. Programu hizi zitaandika 08:40 pale ambapo wewe unasema saa mbili na dakika arobaini. Ziache zilivyo, usijaribu kuzigeuza. Tatizo ni lile unaloandika kwa mkono wako: "mkutano saa 2" ndani ya faili lenye mihuri ya 14:00 linaweza kukupotezea mkutano. Andika "saa 2 asubuhi (08:00)", yote mawili. Na ukiwa na mteja wa Ulaya, kumbuka wao husogeza saa zao Jumapili ya mwisho ya Machi na ya Oktoba, ilhali sisi hatusogezi.