Mtori mtamu, lakini tairi limefungwa

Nianze na haki ya huu mgahawa wa njiani, Moshi kwenda Arusha: mtori wao mtamu, choo kisafi, sabuni ipo. Juzijuzi nilikuwa namtoa mama Moshi kumpeleka Arusha, tukasimama pale njiani kuchimba dawa na kunywa chai. Mama magoti yanamsumbua, kushuka tu kwenye gari ni shughuli. Akala taratibu, nikamsubiri.

Tunatoka, tairi la mbele limebanwa na chuma chenye kufuli. Kijana wa kizibao akatujia na simu mkononi: "Saa yako moja ya bure imeisha, umezidisha dakika kumi na mbili. Elfu thelathini." Nikauliza hiyo saa ya bure imeandikwa wapi. Akanionyesha kibao nyuma ya mgomba, kidogo kama sahani. Ilibidi niinue jani ndipo nikakisoma.

Hela ningeisahau. Kilichonikaa rohoni ni mama. Alimwambia kwa upole, "Mwanangu, mimi ndiye niliyechelewa, miguu haitaki." Shikamoo hakupewa. "Bibi, mimi siangalii miguu, naangalia saa." Mbele za watu! Mama akainama, akaanza kufungua pindo la khanga atoe vijisenti vyake. Hapo nilipandisha sauti, na sijutii.

Nikalipa. Kuomba risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi, nikachaniwa karatasi ya daftari, hata mhuri haina.

Mdogo wangu anaishi Uingereza. Anasema kule kwenye vituo vya mapumziko vya barabara kuu kwa kawaida unapewa masaa mawili bure, kamera inasoma namba ya gari, ukizidisha barua inakufuata nyumbani. Kufunga magari tairi kwenye maeneo binafsi, England na Wales walikataza tangu 2012. Kuna dereva aliyepinga tozo ya pauni 85 mpaka Mahakama ya Juu, mwaka 2015, akashindwa, lakini pale alipoegesha mabango yalikuwa makubwa, mengi, yanasomeka, na majaji walilizingatia hilo. Hapakuwa na mgomba.

Nilitaka kuwapa nyota mbili. Kisha nikamkumbuka dada wa jikoni, aliyetoka mbio na maji ya kunywa akamwomba mama radhi kwa kosa lisilo lake. Kwa huyo dada, tatu. Ila kila nikiliona lile pindo la khanga likifunguliwa… moja. Na hiyo moja ni ya dada.

Mama anauliza kama tutasimama tena pale, mtori aliupenda. Nimemwambia nitampikia mwenyewe alfajiri, niutie kwenye chupa ya chai.