Hifadhi ya mtandao kwa ofisi ya video Nairobi: ipi ununue

Saa moja ya video ya 4K katika ProRes 422 HQ (muundo wa faili wa kuhariria video), fremu 25 kwa sekunde, hula takriban gigabaiti 330. Ni kama megabaiti 92 kila sekunde, ilhali mtandao wa gigabiti moja hupitisha 110 hivi. Mhariri mmoja akianza kazi, njia imejaa. Wa pili akifungua mradi wake, picha zinakwama kwa wote wawili. Ndiyo maana hapa natazama njia kwanza, ukubwa wa diski baadaye.

Nafasi ya kwanza naipa NAS (kisanduku cha diski kinachotumiwa na ofisi nzima kupitia mtandao) ya diski sita au nane yenye mtandao wa gigabiti 10, iwe ya Synology au QNAP. Diski sita za terabaiti 8 katika RAID 6 (mpangilio unaounganisha diski na kutenga nafasi ya mbili kwa usalama) zinakuachia terabaiti 32, na hata mbili zikifa pamoja kazi yako ipo. Muulize muuzaji kama kadi ya gigabiti 10 imo ndani ya bei, maana modeli nyingine huiuza kando. Swichi na kompyuta za kuhariri nazo lazima zifikie kasi hiyo. Kebo ya mtandao ya Cat6 huibeba hadi mita 55 hivi, Cat6A hadi 100. Ukinunua kebo, barabara ya Luthuli au kwingineko, kwangua uzi wake kwa kisu: ukiona rangi ya fedha chini ya shaba, hiyo ni alumini, iache. Diski ziwe za CMR, zinazoandika data kwa mistari isiyopandana. Zile za SMR, ambazo mistari yake hupandana, huzorota vibaya RAID inapojijenga upya baada ya diski kubadilishwa.

Ya pili ni seva ya mitumba yenye TrueNAS, programu isiyolipiwa inayoigeuza kuwa NAS. Pesa unayookoa inaingia kwenye diski. Lakini ina kelele, inakula stima, na inahitaji mtu wa ofisini anayeielewa. Fundi wa kupigiwa simu hatoshi.

Ya tatu, NAS ya SSD tupu, yaani diski zisizo na sehemu inayozunguka. Kasi yake inafurahisha, bei kwa kila terabaiti inaumiza. Iweke kwa miradi inayoendelea tu.

Ya nne, NAS ya diski mbili na gigabiti 2.5. Kwa wahariri wawili wa video za HD inatosha, tena hutumia Cat5e iliyoko ukutani tayari.

Ya mwisho kabisa ni diski za mkononi zinazopokezanwa mezani. Yetu moja ilianguka, na nyimbo za akina mama kwenye ruracio (sherehe ya mahari) ya familia fulani zikapotea. Siku ile hairudiwi, na kuwaambia wenyewe kuliniuma sana.

Chochote utakachochagua, nunua UPS (betri ya akiba) pia na uiunganishe na NAS kwa waya wa USB, stima ikipotea ijizime yenyewe kwa utaratibu. Nayo RAID haizuii mwizi wala moto. Sisi hunakili kila kitu Ijumaa jioni. Ofisi iko Kilimani, nakala inalala Rongai.